Kutembea na Mtu

Kitabu nilipewa na bibi mmoja wa Kiayalandi ninayemhudumia kule Kensington, hapa Sydney. Nikishamwogesha na kumwekea chai yake, kazi inayobaki ni kumsomea, maana macho yake hayaoni tena herufi. Ni riwaya ya mapenzi ya zamani, ya huko kwao Ayalandi, enzi ambazo mtu haoi mpaka mshenga apande farasi aende nyumba kwa nyumba. Jalada lake lina msichana aliyejifunga shali, kasimama kwenye upepo. Nilipokiona mara ya kwanza nilicheka moyoni. Yaani nimetoka kwetu nikafika mpaka Sydney, halafu nakuja kulipwa kusoma habari za ushenga.

Bibi alikuwa anasinzia kabla sura haijaisha, nami nakereka, nataka kujua kilichotokea. Akaniambia nikichukue nikasome kwenye treni. Basi nikawa nasoma njia nzima hadi Macquarie Fields, na nikifika nyumbani namsimulia mama kwa Kiswahili huku tukichambua mboga. Mama hajui Kiingereza zaidi ya salamu na majina ya vitu vya dukani. Lakini kile kitabu alikishika kuliko mimi. Nikichelewa kutoka kazini ananiuliza, kabla hata sijavua viatu, kama yule msichana kashachumbiwa au bado.

Mshenga wa kwenye kitabu alimchukia tangu siku ya kwanza. "Hii muzee anakunywa pombe mbele ya kusema," aliniambia. "Mutu wa kutafutia watu ndoa anakunywa nyuma." Kuna mahali baba wa kijana anaazima ng'ombe wa jirani ili ukweni waone zizi limejaa, na mama alicheka mpaka akaweka kisu chini. Akasema hao watu ni ndugu zetu kabisa, ila wamefichwa tu na ile rangi.

Mnasikia anavyosema mama. Sisi ni watu wa Kongo, upande wa ziwa, na hicho ndicho Kiswahili nilichonyonya. Lakini mimi nilifika kambini Kigoma nikiwa msichana wa kwenda sekondari, na siku ya kwanza darasani nilifungua mdomo, darasa zima likaangua kicheko. Walimu nao wakacheka, tena bila kujificha. Kuanzia hapo nilikivua kile Kiswahili kama mtu anavyovua nguo yenye chawa. Baada ya muda ukinisikia ungedhani nimezaliwa Dar es Salaam. Mama hakuvua kitu. Alikaa kambini miaka yote ile akisema vilevile, na huku Australia amekuja nacho hichohicho, na mimi, acha niseme ukweli, kila alipofungua mdomo mbele ya Watanzania niliona haya.

Sasa kuna neno moja ndani ya kile kitabu. Wanawake wa kijijini wanamsema yule msichana kwamba aliwahi kutembea na askari. Bibi yangu wa Kensington alinieleza kwamba kwa Kiingereza chao cha zamani, kutembea na mtu kulikuwa ni uchumba wa heshima tu, mnatoka Jumapili baada ya kanisa, mnakwenda na kurudi, watu wanawaona. Jioni nikamsimulia mama hivyohivyo, bila kufikiri: msichana alikuwa anatembea na askari. Nikajisikia nilivyosema. Kwa Kiswahili nilichojifunza mimi, ukisema fulani anatembea na fulani, umesema wanalala pamoja, umemaliza.

Mama akaendelea kuchambua mboga. Akauliza kwa utulivu, "Walitembea mpaka wapi?"

Nilicheka hadi machozi. Kwake kutembea ni miguu. Unatoka hapa unafika pale, au unakwenda kumsalimu mtu, basi. Akaniuliza ninacheka nini. Hapo ndipo ningemweleza, na leo nisingekuwa na la kuandika. Lakini utamwelezaje mama yako neno kama hilo? Niliona aibu. Nikamwambia, "Walitembea mpaka kanisani, mama." Akaridhika, tukaendelea.

Wakati huohuo na mimi nilikuwa na ya kwangu. Kulikuwa na mwanamume mmoja, Mtanzania wa Tanga, anakaa Toongabbie, anaendesha foklifti kwenye ghala. Tulikutana kwenye mkutano wa makanisa. Alinisaidia kubeba masufuria, na hakuniuliza nina umri gani na kwa nini bado. Nilimtaka. Nasema wazi kwa sababu nimeshafika umri wa kusema wazi. Na yeye alinitaka, ila aliniambia jambo moja tangu mwanzo: wazazi wake walishafariki, amelelewa na shangazi yake, na huyo shangazi yupo hapahapa Sydney. "Shangazi akikukubali, mambo yamekwisha," alisema. "Akikukataa, mimi sitaweza kumvuka." Sikumlaumu. Wengine hawana hata wa kuwakataza.

Akasema atamtuma mshenga pamoja na shangazi, waje nyumbani waonane na mama.

Nilipomwambia mama, aliuliza kwenye kitabu ilikuwaje mshenga alipofika kwa kina msichana. Nikamkumbusha. Baba wa msichana alianza kumsifu mwanawe: siku ya mafuriko alivuka mto na mwanakondoo mabegani, maji yakimfika kifuani. Mama akaitikia kwa kichwa. "Njo vile," akasema, yaani ndivyo hivyo. "Mutoto anasifiwa. Na miye nitakusifu." Nikamwambia sawa. Akili yangu ilikuwa kwenye mapazia ya kufua kabla wageni hawajaja.

Hapa lazima niwaambie habari za shemeji yangu, kwa sababu bila yeye hamtaelewa. Dada yangu mkubwa alikufa akijifungua, na mume wake akabaki kama mtoto wa nyumbani kwetu. Vita ilipoingia mtaani kwetu mama alikuwa ameondoka kumuuguza ndugu yake. Shemeji ndiye aliyenichukua. Tulipita porini yeye na mimi, mguu wangu ulipovimba akanibeba mgongoni, na hakuna siku aliyonigusa kwa namna ya kunitisha. Alinifikisha ziwani, akanipandisha mtumbwi wa watu anaowafahamu, kisha akarudi kumtafuta mama. Akampata, akampeleka palepale. Halafu akarudi tena kwa ajili ya mama yake mwenyewe, na huko hakutoka. Kila Jumapili mama anamtaja katika sala kabla hajanitaja mimi.

Wageni walikuja Jumamosi mchana. Mama alivaa kitenge chake cha harusi za watu, akatengeneza sambusa na chai ya maziwa. Mimi nilikaa jikoni kwa adabu, mlango nimeuacha wazi kidogo, nasikiliza. Nilimkumbuka yule msichana wa kwenye kitabu aliyejibanza nyuma ya mlango, nikatabasamu peke yangu kama mjinga.

Mshenga alikuwa mzee wa Tanga, mpole, mwenye Kiswahili cha kupangwa kama vyombo kabatini. Baada ya salamu akakohoa, akasema, "Mama, sisi tumepita njiani tukaona nyumba hii ina ua zuri. Tumekuja kuomba tulichukue ua hilo tukalitunze kwetu."

Mama akasema, "Maua iko inje, pa mulango. Chukueni tu, ila nyumba ni ya serikali."

Shangazi mtu alicheka, lakini alicheka vizuri, kicheko cha mtu aliyestarehe. Mshenga naye akacheka, akamweleza mama kwamba ua ni binti yake. Mama akacheka kuliko wote. Kule jikoni nikasema moyoni, imepita hiyo, imeishia kwenye kicheko. Nikaanza kumimina chai.

Nadhani kile kicheko ndicho kilichompa mama nguvu. Akaona sasa ni wakati. Nilimsikia akijiweka sawa kwenye kochi, akaanza kunisifu kama alivyoahidi.

"Hii mutoto yangu," akasema, "si mutu wa kuchoka. Alitembeaka na bwana ya dada yake, mu pori, bao babili tu, siku mingi. Na hakuchoka."

Nilishika birika hewani. Kila neno nililisikia mara mbili, hata lile bao babili, yaani wao wawili, mara moja kwa masikio ya mama na mara moja kwa masikio yao. Sebuleni hapakuwa na sauti. Mama, masikini, akadhani kimya kile ni cha kuvutiwa.

"Ule alikuwa mwanaume kweli," akaendelea. "Mupaka leo tukimukumbuka, miye na yeye tunalia."

Nikasikia kikombe kikiwekwa juu ya kisosi, polepole, namna mtu anavyokiweka akiwa hana nia ya kukinyanyua tena. Mshenga akasema, "Ee." Basi, hilo tu. Nilimwona yule mwanamume wa Toongabbie akipokea simu ya shangazi yake. Nilimwona akinyamaza.

Niliingia na sinia. Chai ikamwagikia kwenye sambusa. Shangazi hakuniangalia usoni, alikuwa anaangalia pochi yake. Nikapiga magoti kutenga vikombe na nikaanza kueleza hapohapo, mbiombio, kwa Kiswahili changu safi cha darasani: kwamba ilikuwa vita, kwamba nilikuwa mwanafunzi, kwamba dada alishafariki, kwamba tulikwenda kwa miguu tukikimbia, kwamba kwao mama kutembea ni kwenda kwa miguu na si zaidi. Nilieleza kama mtu aliyekamatwa na kitu cha wizi. Mama alikuwa ananiangalia mimi, halafu wao, halafu mimi.

Shangazi akashusha pumzi ndefu. "Mungu wangu," akasema, "mimi nilishataka kubeba pochi yangu." Akaanza kucheka. Mshenga naye akacheka, akatoa leso akajifuta uso. Kisha akaniuliza, wala si kwa ubaya, "Kumbe mama Kiswahili hakijui?"

Nikajibu, "Hakijui vizuri, baba. Mtusamehe."

Nilijibu haraka sana. Nilikuwa kama mtu aliyetupiwa kamba akiwa majini, nikaidaka bila kuangalia imefungwa wapi. Na nikacheka pamoja nao, tena nilicheka zaidi yao, nikimpigapiga mama gotini kama mtoto aliyekosea. Mwanamke huyu alizaliwa ndani ya Kiswahili. Aliuza sokoni kwa Kiswahili, alibembeleza watoto kwa Kiswahili, alimlilia dada yangu kwa Kiswahili. Mimi nikasema hakijui, na nikamwombea msamaha.

Mama alitabasamu kwa adabu mpaka wageni walipoondoka. Hakusema neno jingine. Wao hawakuliona hilo, waliagana naye kwa furaha, na shangazi akanishika shavu mlangoni akaniita mwanangu. Yaani nilikuwa nimepita. Nilipofunga mlango nilitaka kurukaruka.

Mama alikuwa anakusanya vikombe. Akaniuliza bila kugeuka, "Walisikia nini?"

Nikamwambia. Niliangalia zulia, nikamwambia neno linabeba nini kwa Watanzania. Aliweka mkono mdomoni. Nilidhani ataona aibu kwa ajili yangu, au kwa ajili yake mwenyewe aliyenena neno lile mbele ya wakwe. Wala.

"Juu ya ule kijana?" akasema. "Walifikiri vile juu ya ule kijana? Ule alikubeba mu mugongo?"

Mimi katika haraka yangu yote ya kujisafisha sikumfikiria shemeji hata kidogo. Nilimweleza kama kosa la lugha. Sikusema alikuwa nani wala kwamba bila yeye pale sebuleni pasingekuwa na ua wala mama wa ua. Mama akaenda jikoni akafungua maji, akaosha vikombe ambavyo vingine havikutumika.

Kisha, kutoka kulekule jikoni, akauliza, "Na weye ulisema sijui Kiswahili?"

Nikasema, "Mama, nilikuwa nataka yaishe."

"Sawa," akasema. Akaendelea kuosha.

Hakununa. Mtu akikununia unaweza kumbembeleza. Mama alinipikia, aliniuliza habari za kazi, alinikumbusha koti asubuhi zenye baridi. Kitu kimoja tu kilibadilika. Jioni nilipotoa kitabu nianze kumsimulia pale tulipoishia, akasema, "Soma na Kiingereza yake."

Nikamwambia hatasikia kitu. Akasema haidhuru, nisome. Basi nikawa nasoma Kiingereza kizimakizima, na yeye amekaa na mboga zake, anasikiliza kama mtu anavyosikiliza mvua. Hakuuliza tena wamefika wapi. Nilijaribu mara moja kuingiza Kiswahili katikati, nikasema, mama, yule mlevi kaanguka kutoka kwenye farasi. Akasema, "Endelea tu." Nilijisikia mdogo kuliko siku ile ya darasani.

Ndivyo tulivyofika mwisho wa kitabu. Siku moja wazee wa pande zote mbili wamekaa mezani kwa kina msichana, mshenga anasema, baba anasema, na msichana anatoka nyuma ya mlango, anasimama mbele yao na kusema mwenyewe kwa mdomo wake kwamba amekubali. Mchana nilikuwa nimemsomea bibi wa Kensington ukurasa huohuo, akapiga makofi juu ya blanketi na kusema huo ndio ukurasa anaoungojea kila akisomewa kitabu hiki. Msichana amejisemea. Jioni nikamsomea mama, kwa Kiingereza. Akaniuliza kama kimekwisha. Nikasema kimekwisha. Akainuka akaenda kulala.

Wageni walirudi kuchukua jibu, na safari hii mwanamume mwenyewe alikuja nao, suti imembana mabegani, hajui aweke wapi mikono. Shangazi alikuja na kanga mbili za mama. Kila kitu kilikuwa kimeshapangwa kwa simu, kilichobaki ni kutamkwa. Nilimwambia mama usiku uliopita kwamba neno lenyewe ni moja tu, tumekubali, na kwamba kwa vile baba hayupo litatoka kwake. Aliitikia kwa kichwa. Nilijua pia kitakachofuata, kwa sababu kanisani kwetu hakuna anayemshinda mama kwa vigelegele. Watu hugeuka kwenye viti. Nilikuwa nimejiandaa hata kwa hivyo vigelegele, nione haya kidogo, nifurahi kidogo.

Safari hii sikukaa jikoni. Mama alisema nikae karibu naye. Nilidhani anataka kunishika mkono.

Mshenga alisema yake, akazunguka, akafika. "Sasa, mama," akasema, "tumekuja kusikia jibu, na tunataka tulisikie kutoka kinywani mwako wewe mzazi."

Mama alikuwa ameketi wima, kitenge kimepigwa pasi, mikono imelala juu ya zile kanga. Aliwaangalia wote mmoja mmoja kwa heshima. Kisha akanigeukia.

"Sema weye," akasema. "Miye sijui Kiswahili."

Hakupandisha sauti. Hakukuwa na uchungu ndani yake, au kama ulikuwepo aliukunja vizuri nisiuone. Alisema kama mtu anayewaeleza wageni jambo ambalo tayari wanalijua. Mshenga akaangalia viatu vyake. Yule mwanamume alikuwa ananiangalia mimi, ananisubiri, na sikuweza kumwangalia.

Nilitaka niwaambie. Nilitaka niwaambie habari za shemeji, za kubebwa mgongoni, kwa maneno ya mama yangu, kwa njo na bao babili, ili asikie kwamba ninacho bado. Nilikitafuta kinywani. Nilifungua mdomo nikakitafuta kwa dhati, na hakikuja. Kilichokuja ni kile kingine, laini, kilichonyooka.

"Tumekubali," nikasema, kama mtangazaji wa redio.

Shangazi akapiga vigelegele. Alipiga peke yake.